Kusimamisha Mtambo Mdogo wa Upepo Kwenye Kiwanja Chako: Namna ya Kusoma na Kutimiza Masharti ya Mipango ya Ardhi

Mwenye kiwanja anayetaka kuzalisha umeme wake kwa upepo, mara nyingi, huanza kwa kutafuta mashine: hulinganisha bei, kipenyo cha mapanga na kilowati zilizoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, na akishalipia ndipo huenda kuuliza kama anaruhusiwa kuisimamisha. Utaratibu huo unafaa kugeuzwa. Kinachoamua kama mtambo utaleta umeme wa maana ni urefu wa mnara, na urefu huo hauamuliwi na mtengenezaji, bali na masharti mawili ya mamlaka ya mipango ambayo hufanya kazi kwa pamoja, yaani kikomo cha kimo na umbali kutoka mpaka wa kiwanja. Ukiyapata masharti hayo mawili na kuyapima juu ya ramani ya kiwanja chako, utajua kabla ya kutumia fedha yoyote kama shughuli hii inafaa kuendelea au inafaa kuachwa.

Mitambo inayozungumzwa hapa ni ile inayohudumia nyumba moja, shamba au karakana. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61400-2, cha Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, huhesabu kuwa mdogo mtambo wowote ambao duara linalochorwa na mapanga yake halizidi mita za mraba 200, sawa na kipenyo cha mita 16 hivi, ingawa inayowekwa kwenye makazi kwa kawaida huwa midogo kuliko hiyo kwa mbali. Kanuni za mji au wilaya si lazima zifuate ufafanuzi huo. Nyingine hupima udogo kwa kilowati, nyingine kwa kimo, nyingine kwa ukubwa wa duara la mapanga, na mtambo uleule unaweza kuhesabiwa mdogo upande mmoja wa barabara na mkubwa upande wa pili iwapo barabara hiyo ndiyo mpaka wa mamlaka mbili. Kwa sababu hiyo, sura ya kwanza ya kusoma katika kanuni yoyote ni sura ya ufafanuzi wa maneno, ambayo wengi huiruka.

Kutafuta kanuni inayokuhusu

Anza kwa kujua kiwanja chako kimo katika kanda gani ya matumizi ya ardhi: makazi, kilimo, biashara, viwanda au eneo la hifadhi. Habari hiyo hupatikana kwenye ramani ya mipango ya eneo, na hati ya kiwanja peke yake haitoshi, kwa kuwa kanda huweza kubadilishwa bila hati kubadilika. Ukishaijua kanda, tafuta kama mitambo ya upepo imetajwa humo kwa jina. Ikiwa imetajwa, itaangukia katika moja ya hali tatu: inaruhusiwa moja kwa moja mradi masharti yaliyoandikwa yametimizwa, inaruhusiwa kwa kibali maalumu baada ya ombi kusikilizwa mbele ya kamati na majirani kupewa nafasi ya kusema, au imekatazwa kabisa.

Hali ya nne ndiyo yenye mtego, nayo ni pale ambapo kanuni haisemi lolote. Katika mamlaka nyingi matumizi yasiyotajwa huhesabiwa kuwa yamekatazwa, na katika nyingine ofisa wa mipango ana uwezo wa kuyalinganisha na matumizi yanayofanana nayo, kwa mfano mlingoti wa antena au jengo la nyongeza. Jibu la ofisa linalotolewa mdomoni kwenye kaunta halina uzito wowote siku jirani atakapolalamika. Andika barua, taja namba ya kiwanja, eleza mtambo kwa vipimo vyake, uliza ni kifungu gani kinachotumika, na omba ujibiwe kwa maandishi. Usijitetee kwa kifungu kinachosamehe mabomba ya moshi, milingoti ya bendera au minara ya ibada kutoka kwenye kikomo cha kimo, kwa kuwa misamaha ya namna hiyo iliandikwa kwa ajili ya vitu visivyozunguka.

Nchi hutofautiana sana katika jambo hili. Huko England, mtambo mmoja unaosimama peke yake kwenye uwanja wa nyumba unaweza kuwekwa bila kuomba kibali cha mipango ikiwa, pamoja na masharti mengine, kimo chake chote hakizidi mita 11.1, duara la mapanga halizidi mita za mraba 3.8, ncha ya panga haishuki chini ya mita 5 kutoka ardhini, na umbali hadi mpaka wa kiwanja haupungui kimo hicho pamoja na asilimia 10 yake. Nchini Ujerumani majimbo mengi huruhusu mitambo isiyozidi mita 10 bila kibali cha ujenzi, lakini msamaha huo hauondoi wajibu wa kutimiza masharti ya kelele, ya umbali na ya hifadhi ya mazingira. Nchini Marekani suala zima hukaa zaidi mikononi mwa miji na kaunti, ndiyo maana majirani wawili waliotenganishwa na mpaka wa kaunti wanaweza kuwa chini ya kanuni zisizofanana hata kidogo. Mifano hii haikupi ruhusa popote pengine, lakini inaonyesha aina ya vipimo utakavyokutana navyo.

Kimo na umbali kutoka mpakani

Kanuni inaposema kimo kisizidi mita fulani, uliza kwanza kimo hicho kinapimwa hadi wapi. Baadhi hupima hadi kitovu cha rota (mapanga yote yanayozunguka kwa pamoja), yaani pale mapanga yanapokutana. Nyingine, na hizi ndizo nyingi, hupima hadi ncha ya panga linapokuwa limesimama wima juu kabisa. Kwa rota yenye kipenyo cha mita 3, tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni mita moja na nusu, na hiyo yatosha kukupitisha au kukuangusha. Uliza pia ardhi inapimwa kutoka wapi: kwenye usawa wa asili au juu ya tuta utakalolijenga. Karibu kila mahali jibu ni usawa wa asili, hivyo tuta halikusaidii.

Umbali kutoka mpakani hutungwa kwa dhana kwamba mnara unaweza kuanguka kwa urefu wake wote, ukiwa umelala upande wowote. Minara mingi inayoharibika haianguki hivyo, lakini kanuni haibishani na uwezekano. Kwa kawaida umbali huandikwa kama mara fulani ya kimo chote: mara 1, mara 1.1, wakati mwingine mara 1.5. Hupimwa kutoka katikati ya msingi wa mnara hadi mpaka wa karibu zaidi, na mara nyingi hutakiwa vilevile kutoka barabara ya umma, nyaya za umeme zinazopita juu na nyumba ya jirani.

Chukua kiwanja cha mita 40 kwa 60, na mnara wa mita 18 wenye rota ya kipenyo cha mita 3. Kimo chote ni mita 19.5. Kanuni ikitaka umbali ulio sawa na kimo, utaondoa mita 19.5 kutoka kila upande wa ramani, na eneo litakalobaki katikati ni ukanda wenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 21. Ikiwa nyumba yako imejengwa juu ya ukanda huo, hesabu imekwisha. Kanuni ikitaka mara 1.1, utahitaji mita 21.45 kila upande, ambazo kiwanja chenye upana wa mita 40 hakina. Kimo kikubwa kabisa kitakachowezekana ni mita 18.18, tena kwa kuusimamisha mnara kwenye mstari wa katikati kabisa. Kanuni ikitaka mara 1.5, kimo hushuka hadi mita 13.3. Kiwanja hakikubadilika wala mashine haikubadilika. Tarakimu moja ndani ya kifungu kimoja imeondoa theluthi moja ya mnara.

Fanya hesabu hii juu ya ramani ya upimaji, na usitegemee ua, kwa kuwa ua mara nyingi haukai juu ya mpaka. Endapo mnara wako unashikiliwa na nyaya za chuma, chora pia sehemu nyaya hizo zinapofungwa ardhini, kwani nazo lazima ziwe ndani ya kiwanja chako, na kanuni nyingi huzipa umbali wao mdogo kutoka mpakani. Mnara unaoinamishwa chini kwa ajili ya matengenezo huhitaji pia uwazi wa urefu wake wote upande utakaolalia. Kanuni kwa kawaida haisemi hivyo, ila fundi atakayekuja kubadilisha beringi atakwambia.

Zipo mamlaka zinazoruhusu umbali upungue ikiwa jirani wa upande huo atakubali kwa maandishi. Kama njia hiyo ipo, hakikisha makubaliano yanasajiliwa pamoja na hati za viwanja vyote viwili, la sivyo yatakufa siku jirani atakapouza.

Kwa nini usikubali mnara mfupi ili mradi upate kibali

Nishati iliyomo kwenye upepo huongezeka kwa mchemraba wa kasi yake: upepo wa mita 5 kwa sekunde hubeba karibu mara mbili ya nishati ya upepo wa mita 4. Juu ya ardhi tambarare na ya wazi, kupanda kutoka mita 10 hadi 20 huongeza kasi kwa takribani asilimia 10, na nishati kwa kama theluthi moja. Penye miti na mapaa faida ya kupanda ni kubwa zaidi, kwa sababu nyuma ya vizuizi hivyo upepo haupungui tu, bali pia huvurugika, na upepo uliovurugika huizungusha mashine ovyo na kuichakaza kabla ya wakati wake. Kipimo kinachotumiwa sana na mafundi ni kwamba sehemu ya chini kabisa ya mapanga iwe juu ya kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 150 kwa angalau mita 9.

Rudi kwenye kiwanja kile kilichoruhusu mita 18.18. Ikiwa kizuizi kirefu kuliko vyote ni paa la mita 6, panga linaposhuka linapaswa kuwa mita 15 juu ya ardhi, kitovu kitakuwa mita 16.5 na ncha ya juu mita 18. Mtambo unaingia, kwa tofauti ya sentimita chache. Lakini ukiwepo mstari wa miti ya mita 12 ng'ambo ya barabara, ncha itatakiwa kufika mita 24, na kiwanja hakiwezi kuzitoa. Tena miti hukua, kwa hiyo hesabu urefu itakaoufikia na si urefu iliyo nao leo.

Katika hali hiyo kuna njia mbili za uungwana: kuomba kupunguziwa sharti, au kuachana na upepo na kufikiria sola. Njia ya tatu, ya kusimamisha mnara wa mita 10 katikati ya miti kwa kuwa ndio ulioruhusiwa, ni kununua pambo. Vivyo hivyo kuhusu kufunga mtambo juu ya paa la nyumba, ambako baadhi ya kanuni hukuruhusu kwa wepesi zaidi. Majaribio ya mitambo ya aina hiyo yaliyotolewa ripoti nchini Uingereza mwaka 2009 yalionyesha kuwa mijini ilizalisha sehemu ndogo tu ya umeme uliotarajiwa, na mtetemo wake hupita kwenye kuta hadi vyumbani. Wepesi wa kibali usikushawishi.

Kelele, kivuli na usalama

Baada ya kimo, jambo linalozusha ugomvi mwingi ni sauti. Kanuni hutaja kiwango cha desibeli kisichopaswa kuzidishwa, na hapa pia swali ni kinapimiwa wapi: mpakani mwa kiwanja, au kwenye dirisha la jirani. Ujerumani, kwa mfano, huweka kwa maeneo ya makazi ya kawaida desibeli 55 mchana na 40 usiku, na kwa maeneo yaliyotengwa kwa makazi pekee 50 mchana na 35 usiku. Ni kikomo cha usiku ndicho kinachobana, kwa kuwa upepo haulali.

Kwenye uwazi, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili. Mashine yenye desibeli 55 ukiwa umesimama mita 20 kutoka kwake itasikika kwa 49 kwenye mita 40, na kwa 43 kwenye mita 80. Hivyo mtambo unaotimiza umbali wa usalama bila shida unaweza kushindwa kwenye sharti la kelele la usiku hata ukiwa umbali mara nne ya huo. Dai kwa mtengenezaji takwimu za sauti zilizopimwa kwa kufuata kiwango kinachotambulika, IEC 61400-11 kikiwa ndicho kinachotajwa sana, na zilizopimwa kwa kasi kadhaa za upepo; sauti ya mashine kwenye upepo mwanana haikuambii chochote kuhusu usiku wa dhoruba, wakati mtambo unapojigeuza pembeni kukwepa upepo na mapanga yakavuma.

Kivuli kinachopepesa madirishani jua linapokuwa chini ni tatizo la mitambo mikubwa zaidi, na kwa rota ya mita 3 mara nyingi halifiki mbali. Hata hivyo angalia jua linachomoza na kutua upande gani wa nyumba ya jirani. Masharti ya usalama hayana ugumu: mnara usiwe na vidato vya kupandia karibu na ardhi, mtambo uwe na breki ya kujiendesha na ya mkono, nyaya za umeme kutoka mnarani zipite chini ya ardhi, mnara uwe na waya wa erthi dhidi ya radi, rangi isiwe ya kumeta, na kusiwe na tangazo lolote zaidi ya onyo la hatari ya umeme.

Milango mingine ya kugonga

Kibali cha mipango ni kimoja kati ya kadhaa. Usafiri wa anga una masharti yake: nchini Marekani, ujenzi wowote unaozidi futi 200, yaani mita 61 hivi, lazima utolewe taarifa kwa mamlaka ya anga, lakini karibu na uwanja wa ndege hata mnara mfupi huhitaji taarifa, kwa kuwa hapo kikomo hupanda kidogo kidogo kadiri unavyokwenda mbali na njia ya kurukia. Eneo la urithi wa kihistoria, mapito ya ndege wahamao na makazi ya popo huweza kukuzuia hata pale kanda ya makazi inapokuruhusu. Kuunganisha mtambo na gridi ni ombi la pekee kwa shirika la umeme, ambalo litataka kifaa kinachokata umeme mara tu gridi inapozimika, ili fundi aliye juu ya nguzo asiuawe na umeme unaotoka kwako.

Kisha kuna mkataba wako mwenyewe wa ununuzi. Mitaa iliyopangwa na kampuni moja au inayosimamiwa na chama cha wakazi mara nyingi huwa na masharti ya faragha yanayokataza milingoti, na masharti hayo hayafutwi na kibali cha serikali. Mwenye mkopo wa nyumba au bima asome mikataba hiyo pia.

Kuandaa na kupeleka ombi

Ombi linalopita haraka ni lile ambalo ofisa halazimiki kuuliza kitu. Weka ramani ya kiwanja yenye mipaka, majengo, barabara, nyaya za juu, msingi wa mnara na sehemu za kufungia nyaya, huku umbali wa kila kimoja ukiwa umeandikwa kwa tarakimu. Mchoro wa mnara ukitazamwa kwa ubavu, ukionyesha kitovu, ncha ya juu na ncha ya chini ya panga. Mchoro wa msingi uliopigwa muhuri na mhandisi, unaoeleza ukubwa wa zege na nondo kulingana na udongo wa mahali penyewe. Mchoro wa njia ya umeme. Cheti cha mashine na takwimu za sauti. Michoro ya kawaida ya mtengenezaji hukubaliwa mahali pengine, lakini udongo wa kichanga au wa mfinyanzi unaovimba huhitaji hesabu yake.

Zungumza na majirani kabla hawajapokea tangazo la mamlaka. Mtu aliyepata habari kwako akiwa na mchoro mkononi huuliza maswali. Aliyeipata kwenye bahasha rasmi huandika pingamizi. Mpe jirani nafasi ya kuusikia mtambo kama huo mahali ulipokwisha kusimamishwa, ikiwa upo wa kufikika.

Ikiwa unahitaji kupunguziwa sharti, fahamu kamati hutazama nini. Kudai kwamba mnara mfupi utakupunguzia mapato hakusaidii, kwa sababu hilo ni tatizo la mwombaji. Kinachosikilizwa ni hali ya ardhi yenyewe: umbo la kiwanja lisilo la kawaida, bonde, mstari wa miti uliohifadhiwa kisheria. Onyesha kwamba upande unaoomba kupunguziwa umepakana na ardhi isiyo na watu, na omba kiasi kidogo kabisa kinachotosheleza. Ombi la kuongeza kimo na kupunguza umbali kwa wakati mmoja hukataliwa zaidi kuliko ombi la moja kati ya hayo mawili.

Kibali kikitoka, soma masharti yake kabla ya kushangilia. Vibali vingi hufa ikiwa ujenzi haujaanza ndani ya muda uliotajwa. Ukaguzi wa shimo na nondo hufanyika kabla ya zege kumiminwa, na ukimwaga kabla ya mkaguzi kufika unaweza kuamriwa ulivunje. Kubadilisha aina ya mashine baada ya kibali, hata kwa iliyo ndogo zaidi, huhitaji taarifa, kwa kuwa sauti na uzito vilivyopitishwa ni vya ile iliyoandikwa.

Mwisho kuna kifungu cha kuondoa mtambo. Kanuni nyingi husema kwamba mtambo ambao haukuzalisha umeme kwa muda fulani, mara nyingi miezi 12 mfululizo, umetelekezwa na lazima ushushwe kwa gharama ya mwenye ardhi. Nyingine hudai amana ya fedha tangu mwanzo kwa ajili hiyo. Soma kama kifungu kinataka mnara tu uondolewe au na msingi wa zege pia, na hadi kina gani, kisha ingiza gharama hiyo kwenye hesabu yako ya awali. Weka pia kumbukumbu ya umeme uliozalishwa kila mwezi: mashine inapokaa miezi kadhaa ikingoja kipuri, kumbukumbu hiyo pamoja na risiti ya kuagiza kipuri ndivyo vitakavyoonyesha kwamba mtambo unatengenezwa na haujatelekezwa.